Juzuu ya Ishirini na Sita

Hita ya msikiti ilikuwa imekufa tangu Desemba, na kamati ilikuwa bado inaandikiana barua na fundi. Mzee Mbaraka alikuwa ameuliza mara nne, na mara zote nne Bwana Zuberi, mwenyekiti, alimjibu neno lile lile: "Linashughulikiwa, mzee wangu." Kushughulikiwa. Fortunée mkewe naye alishughulikiwa, kwa muda wa saa kumi na moja nzima juu ya kitanda cha magurudumu, kwenye ujia wa hospitali, mpaka akakata roho akiwa amejifunika koti la mumewe. Tangu siku ile Mbaraka hakuwa na imani tena na mtu yeyote mwenye kiti cha kuzunguka.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Januari, ile wiki ambayo mji wa Birmingham huwakumbuka watu waliouawa kwa ajili ya kabila lao au dini yao. Waislamu wa Kiswahili pale Balsall Heath huwakumbuka kwa hitima. Msahafu mzima umegawanywa vijitabu thelathini, juzuu thelathini, ndani ya sanduku moja la mbao. Kila msomaji hutia mkono bila kuangalia, akatoa moja, akaisoma kimya pale alipokaa. Zikisomwa zote, hitima imetimia. Ikibaki hata moja, haijatimia, na hakuna dua wala pilau. Yule aliyeangukiwa na juzuu ya mwisho, juzuu Amma, ndiye huifunga hitima, kisha husimama akasoma kwa sauti majina ya waliouawa. Dua ya hitima ni ya Waislamu, majina ni ya wote: hivyo ndivyo marehemu sheikh alivyokata shauri zamani, na hakuna aliyembishia.

Majina kumi na moja kati ya hayo yalikuwa ya watu wa Fortunée. Waliuawa Kigali mwaka wa tisini na nne, ndani ya siku mbili, kwa kuwa walikuwa Watutsi. Yeye alipona kwa sababu alikaa miezi mitatu darini mwa nyumba ya mama yake Mbaraka, mtaa wa Biryogo, akishushiwa ndoo na kupandishiwa uji. Aliposhuka hakuweza kunyoosha magoti. Mwaka uliofuata alisilimu, kisha akakubali kuolewa na Mbaraka, na kila Januari, popote walipokuwa, aliandika majina yale upya kwenye karatasi mpya. Ile ya mwisho aliyoiandika ndiyo Mbaraka aliyoitumia mwaka jana na mwaka huu. Mikunjo yake ilikuwa imeanza kukatika.

Hicho tu ndicho alichokuwa anakitaka kwa dunia hii: majina kumi na moja yatajwe, na yatajwe na kinywa safi.

Ijumaa Bwana Zuberi alikuwa amekusanya karatasi za watu wote akazitia ndani ya bahasha moja kubwa ya kaki. Mwaka huu kulikuwa na wageni, alisema, diwani, na mama Kamaljit kutoka gurudwara, hekalu la Masingasinga, ya mtaa wa pili, kwa hiyo mambo lazima yaende kwa ratiba. Mbaraka alimpa karatasi yake kama mtu anayetoa jino.

"Usiipoteze."

"Mzee wangu, mimi nimepoteza nini hapa?"

"Hita," alisema Mbaraka.

Sasa walikuwa wameketi duara juu ya zulia, makoti mwilini, pumzi zinatoka moshi. Wageni walikuwa kwenye viti nyuma. Kina mama walikuwa upande wa pili wa pazia, na sauti ya Bi Mize wa Lamu ilisikika ikiwaambia wenzake wasogee karibu, kwamba leo wanaume wakichelewa kusoma, maiti watakuwa wao kina mama. Leyla, binti yake Mbaraka, mzaliwa wa hapa hapa, alikuwa huko huko na juzuu yake.

Mkono wa Mbaraka ulitoka sandukuni na juzuu ya ishirini na sita. Aliipiga busu, akaifungua. Shule ya serikali alikaa miaka minne tu, na herufi za Kizungu mpaka leo alizisoma kwa kidole, lakini Kurani aliisoma chuoni Biryogo kwa fimbo ya Maalim, na macho yake yaliteremka juu ya mistari kama mtu anayeshuka ngazi za kwao.

Hakutazama kulia. Kulia kwake, ukiacha nafasi ya mtu mmoja, aliketi Yasini.

Habari ya nafasi hiyo kila mtu aliijua. Yasini alikuwa fundi matairi, mtu wa miaka arobaini na kidogo, mpole, mikono haitakati. Alianza kuja msikiti huu mwaka jana. Siku ya kwanza Mbaraka alisikia Kinyarwanda katika Kiswahili chake, akafurahi, akamshika mkono. "Wewe wa wapi? Mwana wa nani?" Yule mtu angeweza kudanganya. Hakudanganya. Alisema ni mtoto wa Kanyabugoyi, mtengeneza baiskeli, wa pale chini barabarani.

Mbaraka aliuachia ule mkono. Kanyabugoyi mwenye baiskeli. Kanyabugoyi aliyesimama na panga kwenye kizuizi cha barabara, akikagua vitambulisho, akipima pua za watu kwa macho. Walioteremka njia ile hawakupanda tena, na watu wa Fortunée waliteremka njia ile.

Tangu siku hiyo, kila ikikimiwa sala na safu zikipangwa, Yasini akisimama karibu naye, Mbaraka aliweka mfuko wake wa viatu sakafuni katikati. Mguu wa huyu usiguse mguu wa yule. Watu walimwambia kwamba safu haiachwi na pengo. Bwana Zuberi alimwita ofisini akamtolea hotuba ya Mtume, kwamba Mwarabu hamzidi asiye Mwarabu, wala mweupe hamzidi mweusi, ila kwa uchamungu.

"Hayo nayajua," Mbaraka alimjibu. "Kila mkiona mtu mweusi humu mnamtaja Bilali, mwadhini wa Mtume, kisha mnampa ufagio. Mwambie diwani wako hayo, mimi usiniambie."

Mfuko ulibaki pale pale. Na leo ulikuwepo pia, katikati yao, viatu viwili ndani ya plastiki ya buluu.

Alikuwa amefika sura ya Hujurati, karibu na aya ile inayosema enyi watu, tumekuumbeni kwa mume na mke, tukakufanyeni mataifa na makabila mpate kujuana, pale Bwana Zuberi aliposimama na ratiba yake.

"Ndugu zangu, tumebakiwa na dakika chache. Wengi mmeshamaliza. Niwajulishe wageni kwamba juzuu Amma mwaka huu imemwangukia ndugu yetu Yasini, naye ndiye atakayetusomea majina." Akainama akampa Yasini ile bahasha ya kaki.

Mbaraka aliitazama bahasha ikipita mbele ya magoti yake. Aliitazama ikitua katika mikono ile, yenye weusi wa mpira ndani ya kucha. Alifunga juzuu yake. Aliiweka juu ya paja na kuikalishia viganja viwili.

Vijitabu vilianza kurudi sandukuni. Bwana Zuberi alivihesabu, akavihesabu tena.

"Ishirini na tisa. Nani bado?"

Macho yalikwenda yenyewe kwa Mbaraka.

"Mzee Mbaraka? Bado kurasa ngapi?"

"Chache."

"Basi tunakungoja, soma taratibu."

"Sisomi."

Bwana Zuberi alitabasamu kwa ajili ya wageni. "Macho yanasumbua? Nipe, nitakumalizia."

"Ukiigusa nitaondoka nayo. Nitapanda nayo treni mpaka nyumbani kwangu Stechford, mtakuja kuisomea huko."

Diwani akamwinamia mama Kamaljit kuuliza jambo, naye akaweka kidole mdomoni.

"Baba," alisema Leyla nyuma ya pazia, kwa sauti ya chini. "Please. Watu wanangoja."

"Wangoje. Mama yako alingoja muda wa saa kumi na moja."

"Kwani tatizo nini, mzee wangu?" Bwana Zuberi alichuchumaa, uso umekaribia, sauti imekuwa ndogo. "Tuzungumze baadaye, ofisini."

"Ofisini kwako mimi nimeshamaliza. Nitasema hapa hapa." Mbaraka hakupandisha sauti, na kwa kuwa hakuipandisha kila mtu aliisikia. "Miaka kumi na miwili majina haya yamesomwa humu. Amesoma Mngazija, amesoma Msomali, amesoma kijana wa Tanga aliyemgeuza mama mkwe wangu mwanamume. Sikusema kitu. Lakini damu iliyowaua haitasimama hapa kuwataja. Wewe unajua huyu ni mtoto wa nani. Nilikuambia. Ukasema linashughulikiwa."

"Nilisema mtu habebi mzigo wa baba yake."

"Ulisema hivyo kwa sababu mzigo haukuwa wako."

"Mbaraka." Hiyo ilikuwa sauti ya Bi Mize, kavu. "Mkeo, Mungu amrehemu, alinisimulia mlangoni kwa mama yako palivyokuwa. Walipokuja na mapanga kuuliza kuna kabila gani humu ndani, mama yako aliwajibu nini?"

Mbaraka aliitazama juzuu.

"Nakuuliza wewe. Ulikuwepo."

"Alisema humu wamo Waislamu na wageni wa Waislamu," alisema Mbaraka. "Kabila hatujui."

"Haya. Leo wewe ndiye unayeuliza kabila mlangoni."

"Bi Mize, usinifanye mtoto."

"Nimekufanya mzee mwenye kichwa kigumu na pilau inayopoa."

Mtu mmoja alicheka, akajuta. Mbaraka alitazama mlango. Angeinuka. Alikuwa ameshakunja goti moja ili ainuke, juzuu kwapani, pale Yasini alipofungua bahasha. Hakuharakisha. Alipekua karatasi moja moja mpaka akaipata ile yenye mikunjo, akanyoosha mkono nayo juu ya mfuko wa viatu.

"Chukua, mzee. Soma mwenyewe. Mimi nitafunga hitima tu, majina ni yako."

Mbaraka aliipokea haraka, kabla mtu hajabadilisha mawazo.

"Lakini imepungua," alisema Yasini.

"Imepungua nini?"

"Mtu. Majina ni kumi na moja. Walikuwa kumi na wawili."

Baridi ya ile sakafu ilikuwa ikimpanda Mbaraka tangu saa sita mchana, lakini hii ilikuwa baridi nyingine. "Umejuaje hesabu yao? Alikuambia baba yako?"

"Baba yangu alifia gerezani, hakuniambia kitu. Niliona." Yasini alikuwa anasema akilitazama zulia. "Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nawapelekea maji pale kizuizini. Yule dada yake mama Leyla, Kayitesi, alikuwa amebeba mtoto mgongoni. Mchanga. Amemfunga kitambaa cha njano."

"Kayitesi alikuwa mjamzito," alisema Mbaraka. "Fortunée alimwacha na mimba. Kila siku alikuwa akijiuliza..."

"Najua alichokuwa akijiuliza. Aliniuliza mimi."

Yasini akaeleza, kwa maneno machache, kama mtu anayehesabu skrubu. Miaka mitatu iliyopita gari la Leyla lilipasuka tairi, wakalileta karakana. Fortunée alikuwa ameketi kiti cha mbele. Yasini alikuwa akifungua nati na kuzihesabu chini chini kwa Kinyarwanda, mazoea tu. Mama akashusha kioo. Akamuuliza wa wapi, mwana wa nani, na yeye akamwambia, kama alivyokuja kumwambia mumewe. "Alinyamaza mpaka nikafunga tairi. Halafu akaniuliza kama nilikuwepo siku ile. Nikasema ndiyo. Akaniuliza Kayitesi alipita akiwa na tumbo au akiwa na mtoto."

"Ukamwambia."

"Nikamwambia. Alilia kidogo, akaniambia asante, akalipa tairi. Wiki iliyofuata akarudi bila tairi. Akawa anakuja. Alinifundisha majina yao wote, nani alikuwa anapenda nini. Akasema nihamie msikiti huu, kwa sababu siku moja atakufa na mumewe majina yatamkaba."

"Mbona hakuniambia mimi?" Mbaraka alilisikia swali hilo likitoka, dogo, la mtoto. "Miaka thelathini kitanda kimoja. Akakuambia wewe."

"Alisema ungenijia na nyundo."

Nyundo ilikuwepo. Ilikuwa chini ya sinki Stechford, na mwaka jana, usiku mmoja baada ya kuulizana majina ya baba, Mbaraka aliitoa akaiweka mezani, akaitazama mpaka chai ikapoa. Hakumwambia mtu. Na Fortunée wakati ule alikuwa ameshakufa. Alimjua mumewe hata akiwa kaburini.

"Leyla," aliita, bila kugeuka. "Ulijua?"

"Nilikuwa naendesha, Baba. She made me promise."

Bwana Zuberi alitazama saa yake, kisha akaifunika kwa mkono wa koti. Huo, ukimtendea haki, ulikuwa uungwana.

"Jambo moja tu niambie," Mbaraka alisema. "Ulifuata nini kwenye dini yetu? Kujificha?"

"Baada ya vita hakuna nyumba iliyonitaka," alisema Yasini. "Mtoto wa Kanyabugoyi. Shangazi alikuwa anauza mkaa Biryogo, nikalala kwake. Ijumaa moja nilisimama mlangoni mwa msikiti natazama. Mtu mmoja kwenye safu ya mwisho akavuta mguu wake, akanipisha nafasi. Hakuniuliza pua wala baba. Simjui mpaka leo. Mimi niliifuata ile nafasi, mzee."

Alisema hayo, halafu macho yake, bila kukusudia, yakaangukia ule mfuko wa buluu. Akayaondoa upesi.

Mbaraka alikaa. Goti lililokuwa limekunjwa lilirudi chini. Angeweza bado kuondoka. Mlango ulikuwa hatua sita. Angeondoka na karatasi yenye majina kumi na moja, na huyu mtu angebaki hapa na wa kumi na mbili kichwani, na siku akifa huyu, yule mtoto angekuwa hakupita duniani. Hilo ndilo aliloliona, wala halikumpendeza. Alikuwa amemchukia mtu ambaye hawezi kumfukuza.

Alifungua juzuu. Alitafuta mahali alipoachia, kidole kikatua, na safari hii alisoma kwa sauti. Enyi watu, tumekuumbeni kwa mume na mke. Sauti ilikwaruza, ikakatika kwenye makabila, akaianza aya tena kutoka mwanzo kama Maalim alivyokuwa akiwarudisha. Alisoma sura mpaka mwisho, akasoma Kafu, akasoma na kile kipande cha Dhariyati kinachoifunga juzuu. Alipomaliza alimpa Bwana Zuberi kijitabu mkononi, si sandukuni.

"Thelathini," alisema. "Hesabu tena ukitaka."

Yasini aliifunga hitima. Dua ikaombwa, mikono ikapanguswa usoni. Karatasi za wengine zikasomwa, na Yasini alizisoma vizuri, pole pole, kila jina na kituo chake. Halafu akarudi akaketi, na watu wakamtazama Mbaraka.

Alisimama. Aliikunjua karatasi. Kidole kilishika mwandiko wa mkewe, ule wa duara, na kikaenda nao herufi kwa herufi. Mukandori. Rutayisire. Gasana, mkubwa. Gasana, mdogo. Nyirabahire. Kwenye Kayitesi jina lilimkaba, kama mkewe alivyosema, na ikabidi angoje. Hakuna aliyemsaidia, na aliwashukuru kwa hilo. Akafika la kumi na moja. Chini yake karatasi ilikuwa nyeupe.

"Na wa kumi na mbili," alisema, akamgeukia Yasini kwa mara ya kwanza siku ile, "sema wewe. Mimi sikuwepo."

Yasini alisimama. "Hakuwa na jina. Kwetu mtoto hupewa jina siku ya nane. Alikuwa wa siku tano. Mama yake alituambia pale kizuizini, alifikiri watamwonea huruma." Akawageukia watu wote. "Mtoto wa Kayitesi, wa kike. Siku tano. Kitambaa cha njano."

Nyuma ya pazia Leyla alilia kwa sauti, na Bi Mize alisikika akimwambia lia, mwanangu, lia.

"Kalamu," Mbaraka alimwambia Bwana Zuberi.

"Naam?"

"Kalamu, bwana. Ninyi ndio wenye ofisi." Aliweka karatasi juu ya sanduku la juzuu. "Andika hapo chini, kama alivyosema. Neno kwa neno. Na mwakani isiwe imepungua."

Bwana Zuberi aliandika.

Wakati wa alasiri ulikuwa umeingia, nje mwanga umeanza kuchoka. Viti vya wageni vilisogezwa, mtu akakimu, safu zikapangwa. Mbaraka alisimama mahali pake pa siku zote, karibu na ile hita iliyokufa. Yasini alisimama mahali pake, mbali kidogo, kama alivyozoeshwa. Mfuko wa viatu ulikuwa katikati.

Hakuwa amemsamehe mtu. Hakumsamehe Kanyabugoyi, wala hospitali, wala kamati, na hakujua kama huyu aliyesimama hapa alikuwa na kitu cha kusamehewa au hakuwa nacho. Hayo yalihitaji siku nyingi kuliko zilizobaki. Aliinama, mgongo ukalia, akaokota mfuko akauweka mbele ya miguu yake.

"Sogea basi," alisema, macho yakiwa kibla. "Unapitisha baridi."